Uchungu wa mzazi aujuaye nani?



Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sina ubishi nao. Lakini juma hili nimekuwa nikiligeuza neno hilo upande wa pili: je, uchungu wa mzazi aujuaye nani? Mama aliyekuzaa, akakulea, akakugombeza na kukufunika shuka usiku, yapo mambo yaliyompata kabla wewe hujazaliwa na hakukuambia. Mambo hayo huenda wapi? Anazikwa nayo? Au wewe mwanawe unayo tayari, katika hofu zako na hasira zako, ila hujui yalikotoka?

Swali hili nimelipata katika riwaya. Inaitwa The Joy Luck Club, yaani Klabu ya Furaha na Bahati. Mwandishi wake ni Amy Tan, aliyezaliwa Oakland, California, mwaka 1952, na wazazi wahamiaji kutoka China. Kitabu kilitoka mwaka 1989, na mwaka 1993 kikafanywa filamu na mwongozaji Wayne Wang. Ni habari za akina mama wanne waliozaliwa China na mabinti zao wanne waliozaliwa Marekani. Akina mama hao hukutana San Francisco kucheza mahjong, mchezo wa vigae unaotaka watu wanne, kila mmoja na upande wake wa meza. Hadithi inapoanza kiti kimoja ki wazi. Mama mmoja, Suyuan, amefariki ghafla, na binti yake, Jing-mei, anaitwa akikalie.

Tangu utotoni Jing-mei alikuwa akisimuliwa na mama yake habari za vita huko Guilin. Kila mara mwisho wa hadithi ulibadilika, naye mtoto akaona ni ngano tu. Siku moja akasimuliwa mwisho wa kweli. Mama yake aliukimbia mji huo akiwa amewabeba watoto wawili mapacha, wa kike, na hakufika nao. Aliwaacha kando ya barabara. Sasa mama amekufa, na wazee wenzake wanamwambia Jing-mei kwamba wale mapacha wamepatikana, wako hai, ni watu wazima. Anatakiwa aende China awaeleze dada zake mama yao alikuwa mtu wa namna gani. Binti anashikwa na woga, kwa sababu anatambua kwamba hamjui mama yake.

Barabara ile si ya kubuni. Mwaka 1944 majeshi ya Japani yalifanya mashambulizi makubwa kusini mwa China, na mwezi Novemba mwaka huo Guilin ikaanguka. Umati wa watu uliyakimbia mapigano hayo. Wengi walielekea Chongqing, uliokuwa mji mkuu wa serikali wakati wa vita, kwa miguu, kwa mikokoteni, kwa namna yoyote. Walitupa mizigo njiani, kitu kimoja baada ya kingine.

Na mwandishi mwenyewe hakwenda mbali kutafuta kisa. Mama yake, Daisy, aliolewa kwanza huko China na mume aliyemtesa, akamkimbia. Katika nchi na wakati ule mke kumkimbia mume lilikuwa kosa la mke, na kwa ajili hiyo aliwahi kuonja gereza. Mwaka 1949, Shanghai ikiwa karibu kuingia mikononi mwa majeshi ya Kikomunisti, alisafiri kwenda Marekani akiwaacha nyuma mabinti watatu. Huko akaolewa na mwanamume aliyekuja kuwa baba yake Amy. Mtoto huyo akakua akidhani yeye ndiye binti pekee wa mama yake. Habari za wale dada watatu alizipata akiwa na umri wa miaka kumi na mitano au sita hivi, baada ya kaka yake mkubwa na baba yake kufariki wote wawili kwa uvimbe wa ubongo, mmoja baada ya mwingine katika muda usiofika mwaka.

Nyuma ya Daisy yuko mwingine tena. Kwa jinsi familia ilivyosimulia, mama yake Daisy alifiwa na mume angali kijana, akanajisiwa na tajiri mmoja, na kwa aibu ile hakuwa na pa kwenda ila kuwa suria wa tajiri huyo huyo. Mwaka 1925 alikufa kwa kumeza afyuni. Daisy alikuwa na miaka 9, na alikuwapo.

Sasa mtazame Daisy huyo huyo miaka zaidi ya arobaini baadaye, mjane katika nchi ya kigeni. Alikuwa mtu wa kutishia kujiua kila alipokasirika. Amy Tan ameeleza hadharani kwamba alipokuwa na miaka 16, wakati familia ikiishi Uswisi, mama yake alimshikia kisu cha jikoni shingoni. Mtoto wa miaka 16 angejuaje kwamba ugomvi ule haukuanza na yeye? Ulianza mwaka 1925, katika chumba ambacho hajawahi kukiona, na mama aliyeshika kisu alikuwa bado ni mtoto wa miaka 9 anayemwita mama yake aamke.

Msikilizaji, ningependa tusiishie kwenye familia moja. Tuitazame historia yenyewe, maana visa hivi havikuanguka kutoka mbinguni.

Tuanze na miguu. Desturi ya kuwafunga miguu mabinti ilidumu China kwa takriban miaka elfu moja. Ilianza kwa watu wa jumba la kifalme, ikaenea kwa matajiri, na baadaye hata kwa wakulima. Haikuwa ya wote. Wamanchu waliotawala tangu 1644 hawakuwafunga binti zao, wala Wahakka. Lakini kwa mamilioni ya wengine, mtoto wa kike akifika miaka mitano au sita, vidole vinne vya kila mguu vilikunjwa kuelekea chini ya unyayo, vikaviringishiwa kitambaa kirefu, na kitambaa kikakazwa mara kwa mara mpaka mifupa ikatii. Mguu uliosifiwa ulikuwa wa sentimita kumi au chini ya hapo. Serikali ya Jamhuri ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1912, lakini vijijini iliendelea kwa miaka mingi.

Tumezoea kusikia kwamba ule ulikuwa urembo wa kuwafurahisha wanaume. Watafiti wawili, Laurel Bossen na Hill Gates, walikusanya maelezo ya wanawake wazee zaidi ya 1,800 wa vijijini, na mwaka 2017 wakatoa kitabu chao. Wanasema tusisahau kazi. Binti aliyefungwa miguu alikaa, na aliyekaa alisokota uzi na kufuma nguo tangu akiwa mdogo, na nguo hizo ziliisaidia nyumba. Uzi na nguo za viwandani zilipoingia, kazi ya mikono ya binti ikapoteza thamani, na vitambaa vya miguuni navyo vikaanza kufunguliwa.

Lakini jambo ninalotaka ulishike ni hili: nani alikuwa akifunga? Si askari, wala si mwanamume. Alikuwa mama wa mtoto, au bibi yake, mwanamke ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa imevunjwa na mama yake. Aliyajua maumivu yale kuliko mtu yeyote duniani, na aliyatia kwa mwanawe kwa mkono ule ule wa kumlishia. Hakufanya hivyo kwa chuki. Alijua kwamba asipomfunga, atakosa mume, na asiye na mume hana mahali. Hapo ndipo unapouona urithi ukipita kutoka mkono hadi mkono, na umevaa nguo za mapenzi.

Kipo kitabu kingine, ambacho si riwaya bali ni historia ya familia, kiitwacho Wild Swans, cha Jung Chang. Kilitoka mwaka 1991 na kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 10, ingawa China bara kimepigwa marufuku. Bibi yake Jung Chang alizaliwa Manchuria mwaka 1909, akafungwa miguu akiwa na miaka 2. Mwaka 1924, akiwa na miaka 15, baba yake mzazi alimtoa awe suria wa jenerali mmoja mkubwa, naye baba akapata cheo. Jenerali alikaa naye siku chache, akaondoka, na msichana akafungiwa katika nyumba nzuri kwa miaka sita akingoja. Mwaka 1931 alimzaa binti, na baadaye ikambidi atoroke naye, maana kwa desturi mtoto si wa suria, ni wa mke mkubwa.

Binti huyo alikua akiyaona hayo yote. Si ajabu basi kwamba alipokuwa kijana aliwafuata Wakomunisti. Nani angemlaumu? Na tuseme haki: mwaka 1950 serikali mpya ilitunga Sheria ya Ndoa iliyokataza usuria, ndoa za utotoni na ndoa za kulazimishwa, na ikampa mwanamke haki ya kudai talaka. Lilikuwa jambo kubwa. Mamilioni walipumua.

Wachina wana neno la kumsifu mtu mvumilivu. Husema anajua kula uchungu. Wakomunisti walileta neno jipya: kusema uchungu. Wakati wa kugawa ardhi, kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanakijiji waliitwa mkutanoni, na mtu mnyonge akasimama mbele ya wote kueleza aliyotendewa na mwenye ardhi, na baba mkwe, na mama mkwe. Wanawake ambao hawakuwahi kufungua mdomo mbele ya wanaume walisimama na kusema na kulia. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba mateso yao hayakuwa bahati mbaya yao peke yao.

Lakini uchungu ulioruhusiwa ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ni mwaka 1949. Ya kabla ya hapo, sema. Ya baada ya hapo hayakuwa uchungu, yalikuwa ujenzi wa taifa. Kati ya 1959 na 1961, baada ya mpango wa Hatua Kuu ya Kusonga Mbele, China ilipatwa na njaa ambayo wataalamu wanakadiria iliua watu kati ya milioni 15 na 45. Kina mama walizika watoto. Hapakuitwa mkutano wa kusema uchungu huo. Mwaka 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni yaliyodumu miaka 10, na yule binti wa suria, sasa kada wa chama, akapitishwa hadharani kudhalilishwa. Mumewe, mwaminifu wa chama tangu ujana, alirukwa na akili kwa mateso, na mwaka 1975 akafariki.

Katika miaka hiyo ya 1960 serikali ilifufua mikutano ya kukumbuka uchungu wa zamani ili vijana waonje utamu wa sasa. Wazee wa vijijini waliitwa kusimulia. Wako watu waliosimulia jinsi ilivyotokea zaidi ya mara moja: mzee anaanza vizuri na mabwana wa zamani, kisha anajisahau, anasema njaa mbaya kuliko zote ilikuwa ile ya 1960, na hapo viongozi wa mkutano wanakimbilia kumnyamazisha. Hakuwa anapinga serikali. Aliulizwa uchungu wake, akautaja.

Hapa nyumbani tuliwajua Wachina wa miaka hiyo. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970, reli ikakabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wazee wetu waliofanya kazi na mafundi wale hutusimulia watu wachapakazi, wanyamavu, wasiozungumzia ya nyumbani kwao. Tukaita nidhamu, na nidhamu ilikuwapo. Lakini hesabu miaka. Walikuja huku miaka tisa au kumi tu baada ya njaa ile, na Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yakiendelea kwao. Baadhi yao wamelala makaburini Gongo la Mboto. Kila mmoja alikuwa na mama aliyebaki China, na mama huyo alikuwa na yake.

Turudi sasa kwenye swali. Uchungu usiosemwa hupitaje kwa mtoto? Wapo wanasayansi wanaochunguza kama maumivu makubwa huacha alama inayorithiwa katika chembe za mwili. Kwa binadamu jambo hilo bado lina ubishi mkubwa, wala mimi si daktari. Lililo wazi zaidi ni la tumboni. Utafiti uliofanywa eneo la Wuhu, mkoa wa Anhui, na kutangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watu waliotungwa mimba na kuzaliwa wakati wa njaa ile walikuwa na hatari ya kuugua skizofrenia mara mbili hivi kuliko wengine.

Lakini jikoni panatosha, msikilizaji. Mama aliyeona njaa hawezi kumwona mtoto akibakiza chakula. Mama aliyeuzwa humlea binti awe mkali kama pilipili, au humlea awe mpole asiuzwe tena, na vyote viwili ni woga ule ule. Katika riwaya ya Amy Tan yupo mama aitwaye An-mei, ambaye mama yake mzazi alikuwa suria na alijiua kwa sumu. An-mei alilelewa kunyamaza na kuvumilia. Alipopata binti Marekani aliapa kumlea kinyume kabisa, awe mtu wa kusema na kuchagua. Binti akakua, akaolewa, ndoa ikavunjika, naye hawezi hata kuamua atie sahihi karatasi za talaka au asitie. Mama anamtazama na kushangaa: nimemfundisha kinyume cha niliyofundishwa mimi, mbona amekuwa kama mimi? Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kitabu kizima. Mama alimfundisha binti kusema, lakini yake mwenyewe hakuyasema. Mtoto huiga anachokiona kuliko anachoambiwa.

Mtu atauliza, kwa nini basi hadithi hizi ziliandikwa na mabinti, tena ughaibuni, tena kwa lugha ya kigeni? Kabla ya Amy Tan alikuwapo Maxine Hong Kingston, naye wa California, ambaye kitabu chake cha mwaka 1976, The Woman Warrior, kinaanza na mama anayemweleza binti habari za shangazi aliyejitupa kisimani na kumkataza asiitoe nje. Binti aliitoa. Na wapo waliochukizwa. Mwandishi Frank Chin, Mmarekani mwenye asili ya China, mwaka 1991 aliwashutumu Kingston na Tan kwamba wameipotosha China na kuwapa wazungu picha wanayoipenda, ya Mchina mkatili kwa wanawake.

Shutuma hiyo si ya kupuuza, hasa kwetu Waafrika tunaojua uchungu wa kusimuliwa vibaya. Msomaji akimaliza vitabu hivi akadhani historia yote ya China ni kisu, afyuni na kitambaa cha miguuni, amedanganyika. Lakini dawa ya hadithi chache ni hadithi nyingi zaidi, wala si kuwanyamazisha tena wale wale walionyamazishwa tangu mwanzo. Na si kweli kwamba wa nyumbani walinyamaza wote. Zhang Jie, mwandishi mkubwa wa China aliyezaliwa 1937, aliandika riwaya ndefu ya wanawake wa vizazi kadhaa vya familia moja, ambayo jina lake lina maana ya Bila Maneno, na mwaka 2005 ikapewa Tuzo ya Mao Dun, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za fasihi nchini humo.

Yupo pia mwenzangu wa fani, nami najivunia kumtaja. Anaitwa Xinran. Mwaka 1989 alianzisha kipindi cha usiku katika redio ya Nanjing, akazungumza na wanawake juu ya maisha yao. Simu na barua zikamiminika. Mengi aliyoyasikia hayakuweza kurushwa hewani, na yalimlemea. Mwaka 1997 akahamia London, na mwaka 2002 kitabu chake, The Good Women of China, kikatoka. Wanawake wale hawakuwa wamekosa maneno. Walikuwa wamekosa mtu wa kuwauliza, usiku, bila kuwahukumu.

Hata Wild Swans ilizaliwa hivyo. Mwaka 1988 mama yake Jung Chang alikwenda London kumtembelea binti aliyekuwa ameishi Uingereza miaka 10. Kwa mara ya kwanza mama alizungumza bila kuangalia mlango. Binti alipotoka kwenda kazini, mama alibaki akizungumza na kinasa sauti. Alipoondoka, aliacha kanda za saa 60. Fikiria hilo, wewe unayedhani mama yako hana la kusema.

Na mnyororo wenyewe haujakatika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2024, China iliporuhusu watoto kulelewa na wageni, zaidi ya 80,000 walipelekwa Marekani peke yake, wengi wao wa kike, wengi wakiwa wameachwa kando ya barabara au mlangoni pa kituo, enzi ya sheria ya mtoto mmoja iliyokoma mwaka 2015. Hao sasa ni watu wazima. Hao hawakunyimwa hadithi na mama aliyenyamaza, bali hawana hata wa kumuuliza. Wale mapacha wa barabara ya Guilin wameongezeka.

Daisy, mama yake Amy Tan, alikuwa na bahati kidogo. Mwaka 1987 alirudi China pamoja na Amy, na Amy akawakumbatia dada zake. Baadaye Daisy alipatwa na maradhi ya kusahau ya uzeeni, akafariki mwaka 1999. Miaka miwili baadaye Amy akatoa riwaya nyingine, The Bonesetter's Daughter. Ndani yake mama mzee anahisi kumbukumbu inamtoka, akaiandika historia yake yote kwa Kichina na kumkabidhi binti. Binti anaziweka karatasi zile kwa miaka, kwa sababu hasomi vizuri lugha ya mama yake na kila siku anasema atazisoma kesho. Mwishowe inambidi amlipe mtu amtafsirie maneno ya mama yake mzazi.

Nami nitasema langu. Katika kabati langu ofisini nina kaseti na kanda za miaka zaidi ya ishirini. Mawaziri wamo, wanamichezo wamo, wafanyabiashara na waganga wa kienyeji wamo. Bibi yangu, mzaa mama, hayumo. Alikuwa hapendi kukaa chumba chenye mlango uliofungwa. Hata usiku wa baridi alitaka mlango uachwe wazi kidogo, na mama yangu naye yuko hivyo hivyo, na mimi nikilala hotelini safarini huamka usiku kuangalia kitasa. Sikumuuliza bibi kwa nini. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na huyo sikumuuliza. Amefariki. Sasa nimebaki na mlango, hadithi yake sina.

Mama yangu yuko hai. Mwezi uliopita nilikwenda kwake na kinasa sauti, nikakiweka mezani, nikamwambia, "Mama, nieleze maisha yako." Akanitazama akasema, "Kuna nini cha kueleza, mwanangu? Kunywa chai." Nikajifunza kwamba nimeuliza kama mwandishi wa habari. Mtafiti Gail Hershatter na mwenzake Gao Xiaoxian walihoji wanawake wazee 72 vijijini mkoani Shaanxi, kwa miaka kumi kuanzia 1996. Waliona kwamba wanawake wale hawakuhesabu historia kwa kampeni za serikali. Walihesabu kwa watoto: jambo fulani lilitokea mwaka aliozaliwa fulani. Walizungumzia nguo walizoshona usiku kucha, chakula, uzazi. Ukiwauliza juu ya mapinduzi walisema machache. Ukiwauliza nani aliwapokea walipojifungua, mlango ulifunguka.

Basi niliporudi mara ya pili nilikiacha kinasa sauti ndani ya mkoba. Nikamuuliza mama, "Nilipozaliwa mimi, mlikuwa mnaishi nyumba gani, na bibi alikuwa analala chumba kipi?" Akaweka kikombe chini. Alizungumza mpaka magharibi, na bado hatujafika kwenye mlango. Sitamharakisha. Yapo mengine pengine hataki niyajue, na hiyo ni haki yake, maana mama naye si mali ya wanawe. Lakini Jumapili nitakwenda tena.

Ndugu msikilizaji, kama unaye wa kumuuliza, anza na nyumba na vyumba vyake. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.